Maji ya Pambo na Haki ya Jirani

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia uhai wa kila chenye uhai kutokana na maji, akayateremsha kwa kipimo, akayatuliza ardhini, naye ni Muweza wa kuyaondoa. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuufuata uwongofu wao.

Ama baada ya hayo. Ni jambo lijulikanalo ya kuwa watu wa pwani tangu zamani huzifuata biashara zao bara, na wengi wao hukaa huko hata wakajenga, wakaoa, wakazika. Katika miji hiyo ni Bariadi, ulio makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliofanywa mwaka 2012 kwa kukata sehemu ya Shinyanga na sehemu ya Mwanza. Hiyo ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na mwenye akili ya biashara hakosi riziki yake huko.

Mtu akisha kujenga nyumba ya matofali na ua mpana, akapanda asumini na mkomamanga, nafsi yake humkumbusha kwao. Pwani alikuwa akiisikia bahari usiku pasi na kuinunua. Bariadi hakuna bahari. Basi hutamani kuweka maji katika bustani yake, ayatazame baada ya Alasiri, aisikie sauti yake baada ya Isha, moyo utulie. Humwita fundi, na fundi humtajia namna nyingi: bwawa la maua, chemchemi ya kurusha maji juu, ukuta wa mawe utiririkao maji, birika la samaki. Wanaouliza bei ya vitu hivyo ni wengi, na wanaouliza hukumu yake ni wachache. Nayo mas-ala ni haya: Je, yafaa Mwislamu kuweka maji ya pambo katika bustani yake, katika nchi ambayo jirani yake huamka alfajiri kwenda kutafuta maji? Na ikiwa yafaa, achague lipi?

ASILI YA JAMBO NI UHALALI

Kwanza yapasa kuliondoa kosa la wale wanaodhani ya kuwa kila kinachofurahisha jicho ni cha kulaumiwa. Asili ya vitu vyenye manufaa, kwa kauli mashuhuri kwa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ni uhalali, mpaka ije dalili ya kukataza. Mwenyezi Mungu alipowaeleza waja wake khabari za Pepo, aliwaeleza kwa bustani zipitazo mito chini yake. Lau kuwa mapenzi ya maji yatiririkayo ni aibu kwa mwanadamu, yasingefanywa kuwa bishara kwake. Basi mwenye kukaa kando ya maji akastarehe, akamshukuru Mola wake, huyo hana dhambi katika starehe yake.

Lakini jambo la halali huingiwa na mambo yakaliharibu, kama maziwa yaingiwavyo na tone la ndimu. Na mambo yanayoliharibu jambo hili ni matatu.

La kwanza ni israfu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akikoga kwa pishi moja. Na imepokewa ya kuwa alimkataza Saad kuzidisha maji katika udhu, na Saad alipostaajabu ya kuwa katika udhu nako kuna israfu, akajibiwa ya kuwa naam, hata mtu akiwa kwenye mto uendao. Ikiwa israfu hukatazwa katika ibada, na kando ya mto, basi itakuwaje katika pambo, na katika nchi ya kiangazi?

La pili ni fakhari. Katika Sura ya al-Kahf mna kisa cha mtu aliyepewa bustani mbili za mizabibu zilizozungukwa na mitende, na mto ukipita baina yake. Hakulaumiwa kwa kuwa na mto. Alilaumiwa kwa kuingia bustanini mwake na kumwambia mwenziwe ya kuwa yeye ana mali zaidi na watu wenye nguvu zaidi, akadhani ya kuwa bustani ile haitatoweka kabisa. Mwenziwe alimwonya ya kuwa maji yake yaweza kuzama chini asiweze kuyatafuta tena, na asubuhi ikamkuta akipindua viganja vyake kwa majuto.

La tatu ni kuzuia, nalo ndilo zito kuliko yote, na ndilo litakalosemwa kwa urefu hapa.

WATU WA ZAMANI NA MAJI YAO

Watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Huko Kilwa Kisiwani, juu ya jabali lielekealo bahari, yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa katika karne ya 14, nalo hunasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndani yake mna birika la kuogea la pembe nane, lililochongwa kwa ustadi mkubwa. Leo birika hilo ni kavu, na watalii hulipiga picha. Lakini msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipoandika khabari za Sultani huyo aliandika ukarimu wake: ya kuwa aliitwa Baba wa Vipawa, na ya kuwa siku moja, akitoka kusali Ijumaa, fakiri kutoka Yaman alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia akazivua, akampa. Birika limekauka, na khabari ya kutoa ingali inasomwa.

Ibn Battuta huyo alipita Mombasa kabla ya kufika Kilwa, akaeleza ya kuwa kwenye milango ya misikiti yake palikuwa na visima vifupi, vya dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti chenye mpini cha kuchotea, na ya kuwa anayeingia msikitini huosha miguu kwanza, kisha huipangusa kwenye jamvi. Maji yale yalikuwa mlangoni, kila apitaye akiyafikia.

Na katika nyumba za mawe za Lamu, mabirika ya maji yalitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika hujengewa bakuli la kaure la Kichina, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Hili ni pambo na dawa kwa pamoja. Bakuli lile ni zuri kulitazama, na kazi yake ni kuwakinga watu wa nyumba na homa.

Mjini Unguja, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliyaleta maji ya chemchemi kutoka shamba hadi mjini kwa mifereji na mabomba, watu wakachota. Kabla yake baba yake, Seyyid Said, alijenga mwaka 1850 nyumba ya kuogea huko Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kidichi ni nzuri, na kuta zake zina nakshi za maua na ndege. Lakini mtu wa Unguja akitajiwa maji na ufalme, linalomjia ulimini kwanza ni bomba la Barghash, kwa sababu lilifika mlangoni kwa babu yake.

Na huko Misri, matajiri na watawala walikuwa wakijenga nyumba ya sabili: chini huwa ni mahali pa kuwagawia wapita njia maji ya kunywa bure, na juu huwa ni chuo cha watoto cha kusomea Kurani. Iliyo mashuhuri katika hizo ni ile ya Abd al-Rahman Katkhuda katika mji wa Kairo, iliyojengwa mwaka 1744. Imepambwa kwa marumaru na vigae vya rangi, na pambo lake liliielekea njia. Kutokana na neno hilo hilo la sabili, Kiswahili kina neno kusabilia, maana yake kutoa kitu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu kisirudi tena.

Katika khabari zote hizi mna jambo moja la kuzingatiwa. Maji yaliyopambwa yako ya namna mbili: yale ambayo uzuri wake huonekana na mwenyewe tu, na yale ambayo uzuri wake umekaa juu ya manufaa ya watu.

NCHI YENYEWE NA HALI YAKE

Mtu hawezi kuhukumu jambo la maji ya Bariadi pasi na kuijua nchi. Mvua ya Simiyu, kwa mwaka wa kawaida, ni kiasi cha milimita 600 hadi 900, na sehemu kubwa yake hunyesha baina ya Novemba na Mei. Kisha huja miezi ya kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa mvua hunasa magurudumu, hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mto Simiyu wenyewe, uliompa mkoa jina lake na umwagao maji yake katika Ziwa Victoria, hupungua hata pengine huwa mchanga mtupu, na wanawake na watoto huchimba mashimo katika mchanga huo, wakingoja maji yajikusanye, wakachota kwa kata. Malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo hugeuka matope. Na maji ya chini ya ardhi si mema yote: katika sehemu za Meatu na Maswa viko visima ambavyo maji yake yana chumvi, na vingine vina madini ya floridi kuzidi kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho waliokiweka matabibu wa ulimwengu. Mtoto anayekua kwa maji hayo meno yake huwa na rangi ya kahawia, na yakizidi sana huidhuru mifupa.

Ni kweli ya kuwa uko mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika mkoa huo, uliopitishwa mwaka 2017 kupata msaada wa mfuko wa ulimwengu wa mabadiliko ya tabianchi. Bomba likifika mlangoni kwa mtu ni neema kubwa, lakini mas-ala haya hayaondoki kwa bomba. Mwenye pesa atafikiwa na bomba kabla ya asiye nazo, naye atasema: haya nimeyalipia.

Wasukuma wenyewe wana mafunzo katika jambo hili. Wao hutenga sehemu ya malisho wakaiita ngitili, wasiilishe wakati wa mvua majani yakiwa tele, ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Hili lafanana na hima ambayo wanavyuoni wameieleza katika vitabu vya fikihi: ardhi iliyozuiliwa kwa maslahi ya wote. Basi mtu wa pwani asidhani ya kuwa amekwenda kwa watu wasiojua haki ya pamoja.

BWAWA NI USHAHIDI

Sasa na itazamwe hukumu ya kuzuia. Mtume (s.a.w.) amefahamisha ya kuwa watu ni washirika katika maji, na majani, na moto. Na akamtaja, katika wale ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama, mtu aliye na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri.

Wanavyuoni wa Shafi wamelipambanua jambo hili kwa uangalifu. Mwenye kuchimba kisima katika milki yake, maji ya kisima hicho ni yake, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Haimpasi kutoa ziada yake kwa kunyweshea mazao ya mtu mwingine. Lakini kwa wanyama wa mtu mwingine, yampasa kutoa yaliyozidi haja yake, bure, kwa masharti: yawe yamezidi kweli, yawe yangali kisimani, hayajatiwa chomboni, yawepo malisho hapo karibu na yasiwepo maji mengine ya bure, na kuingia kwa wanyama kusimdhuru katika mazao yake au mifugo yake. Kukiwa na dhara, wanyama huzuiliwa, na wachungaji huruhusiwa kuchota wakawapelekea. Na binadamu mwenye kiu huwatangulia wanyama wote.

Mwenye kuzingatia mpango huu ataona daraja zake: kwanza kiu ya mtu, kisha kiu ya mnyama, kisha mazao. Na pambo liko wapi? Pambo liko baada ya mazao. Halihesabiwi katika haja. Basi mtu anayefanya bwawa la kutazamwa tu amekwisha kutoa ushahidi juu ya nafsi yake, mbele ya Mola wake na mbele ya watu, ya kuwa maji yake yamezidi haja yake. Hawezi kusema leo kwa mchungaji aliyesimama mlangoni, "Maji yangu hayatoshi," na nyuma yake chemchemi yairusha ziada hewani. Ushahidi wake umeandikwa kwa maji yenyewe.

Wala asiseme, "Wale si watu wa dini yangu." Jirani ana haki ya ujirani ijapokuwa si Mwislamu, na katika kila chenye ini bichi mna ujira, hata mbwa aliyenyweshwa kwa kiatu. Mtu aliyekwenda katika nchi ya watu, akala pamba yao na nyama yao, kisha akawafungia maji kwa hoja ya dini, ameitukana dini yake mbele yao.

HOJA YA MWENYE KISIMA

Mwenye kisima naye ana la kusema, na uadilifu wataka asikizwe. Atasema: "Kisima hiki nimekichimba kwa mali yangu, wao hawakuchangia. Nikifungua mlango, kesho watakuja ng'ombe mia, bustani itakanyagwa, kisima kitakauka, na wote tutakosa. Nami ni mtu mwenye kazi nyingi. Nahitaji mahali pa utulivu katika nyumba yangu." Maneno haya si ya bakhili peke yake. Yana ukweli ndani yake, na Sharia yenyewe imeujua ukweli huo ilipoweka masharti. Haikumwambia auvunje ukuta wake. Wala haikumwambia atoe mpaka watoto wake wakose.

Lakini hapa pana mlango wa hila, nao wataka kufungwa. Imesemwa ya kuwa maji yaliyokwisha kutiwa chomboni ni milki kamili, wala haipasi kuyatoa ila kwa mwenye dharura ya kiu. Zamani hukumu hii haikuwa na khatari kubwa, kwani mtu alivuta kwa ndoo na kamba, na mkono huchoka. Leo pampu ya umeme au ya jua huweza kukivuta kisima chote katika siku moja na kukitia katika matangi. Basi mtu aweza kusema, "Kisimani hamna ziada, yote yamo chomboni," na kwa ulimi wa sheria asishikwe. Huyu ameshika lafudhi ya hukumu akaiacha maana yake. Wanavyuoni walitofautisha baina ya kisima na chombo kwa sababu kilichomo chomboni mtu amekitolea jasho kwa haja yake. Hawakusudia kumpa mwenye pampu ufunguo wa kuifungia nchi nzima. Mcha Mungu huona haya kusimama mahali ambapo hukumu haimfikii ilhali moyo wake wajua.

Ama utulivu anaoutaka, na autazame vizuri. Akiwa hawezi kustarehe kwa sauti ya maji yake mpaka akaupandisha ukuta asisikie mlio wa ndoo tupu za majirani, basi kinachomtuliza si maji. Ni ukuta. Na ukuta hauwezi kutuliza moyo, huufanya kiziwi tu. Utulivu wa kweli ni ule ambao mtu huweza kuwa nao mlango ukiwa wazi. Hicho ndicho kipimo, nacho hakihitaji kitabu: maji yoyote ambayo mwenyewe aona haya kuyatazama mbele ya jirani mwenye kiu, na ayaache. Na ambayo aweza kuyatazama pamoja naye, hayo ni yake kwa amani.

BASI ACHAGUE LIPI

Haya yakisha kufahamika, kuchagua si kugumu.

Bwawa pana lililo wazi halifai katika nchi ile. Jua likinywa milimita 5 kwa siku, nalo si jambo kubwa kwa jua la kiangazi, bwawa la mita mbili kwa mbili hupoteza lita 20 kila siku, yaani ndoo moja nzima. Katika siku 150 za ukame ni ndoo 150, zote zimetolewa kuwa sadaka ya hewa. Chemchemi ya kurusha maji juu hupoteza zaidi, kwa sababu upepo huyachukua matone. Ijapokuwa maji yake huzungushwa na pampu yale yale, yanayopotea lazima yarudishiwe. Ukuta utiririkao ni kama hayo, kwani maji yaliyotandazwa juu ya mawe yenye joto hukauka upesi.

Linalofaa ni birika la kina, lenye mdomo mdogo, chini ya kivuli. Na lisipungue kulateni mbili, kwani hilo ni faida ya dini na ya dunia. Kulateni mbili, kwa kipimo cha wanavyuoni, ni dhiraa moja na robo kwa urefu, na upana, na kina, na wapimaji wa siku hizi huzikadiria kuwa kama lita 216. Maji yakifikia kipimo hicho hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, maadamu hayakubadilika rangi, wala tamu, wala harufu. Na yakiwa chini yake hunajisika kwa kuingiwa tu. Birika la kipimo hicho hupotewa na kiasi cha lita mbili tu kwa siku, na likifunikwa wakati wa jua kali hupungua hata kidogo kuliko hizo. Na litiwe samaki wadogo kama walivyofanya watu wa Lamu, kwani mbu wa malaria hutaga katika maji yaliyotulia, na katika joto yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili. Mwenye kufuga mbu kwa ajili ya pambo amemdhuru jirani bila ya kumgusa.

Maji yake yatoke wapi? Yatoke kwanza juu ya paa. Paa la mita kumi kwa kumi, katika mwaka wa mvua ya milimita 700, hupokea lita 70,000. Na ikiondolewa moja ya tano kwa yanayomwagika, zabaki lita 56,000. Tangi la lita 15,000 lililojazwa kwa mvua latosha ndoo tano kila siku kwa siku 150. Maji haya ya mvua hayana floridi ya ardhini, basi yawe ni ya kunywa, paa na tangi vikiwa safi. Ya kisima kirefu na yapimwe kwanza. Yakionekana kuwa na dhara, yawe ya maua na ya kuoshea. Wala mtu asifanye kinyume, akanywa ya mvua yeye na watoto wake, kisha akawasabilia majirani yale yanayoharibu meno. Mwenyezi Mungu amefundisha ya kuwa mtu hafikilii wema mpaka atoe katika akipendacho.

Kisha na likae hivi. Tangi liwe ndani, karibu na ukuta wa barabarani. Bomba litobolewe ukutani, litokee nje, na chini yake kiwekwe kijiwe cha kuwekea ndoo. Nje pawe juu kidogo kuliko bustani, na kijiwe kichongwe mfereji, ili yanayomwagika katika kuchota, na maji ya kusuzia ndoo, yarudi ndani kwa tundu la chini ya ukuta, yaingie katika kijito cha mawe kipitacho kwenye mkomamanga na asumini. Kwa ng'ombe, hori la maji liwekwe mbali na ukuta, kwa saa zinazojulikana, na kwa kipimo kisichokausha kisima, kwani kutoa kwa taratibu ndiko kunakodumu. Watu wa mtaa wenyewe wakishauriwa, watamchagua mtu wa kuangalia zamu, kama waangaliavyo ngitili zao.

Na birika la kulateni likae katikati ya bustani kwa udhu wa mwenye nyumba na wageni wake, na kwa macho yake.

Kwa mpango huu mwenye nyumba atapata sauti ya maji aliyoitaka. Ataisikia alfajiri wanawake wanapochota, na magharibi watoto wanapotoka chuoni. Kila mara ndoo ijaapo nje, kijito hulia ndani. Akisikia kimya kirefu, atajua ya kuwa tangi limepungua au bomba limeziba, naye atatoka kutazama. Sauti hiyo haimtengi na watu. Humpa khabari zao.

KHATIMA

Jumla ya maneno ni hii: maji ya pambo ni halali katika asili yake, na huharibiwa na israfu, na fakhari, na kuzuia. Mwenye kuyaweka amekiri ya kuwa ana ziada, na mwenye ziada ya maji ana wenye haki mlangoni. Basi na aanze kwa haki, kisha pambo lifuate nyuma yake, kama maji yanayomwagika yafuatavyo ndoo iliyojaa.

Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake, akauliza sadaka ipi iliyo bora, alijibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima, akasema ya kuwa ni cha mama wa Saad. Basi mwenye wazazi waliotangulia mbele ya haki, akawa na ukuta katika mji wa Bariadi au mji mwingine wowote wa kiangazi, na atazame ukuta wake. Tundu la bomba ni dogo sana. Maji ya kifuu, kama wasemavyo watu, ni bahari ya chungu.

Na mwisho wa Sura ya al-Mulk mna swali ambalo kila mwenye kisima yampasa alisome akiwa amesimama mbele ya kisima chake: maji yake yakipambaukiwa yamezama chini, ni nani atakayemletea maji yatiririkayo?

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa na mikono iliyo wazi, na visima visivyokauka, na majirani wenye kuwaombea kheri. Amin.